Barua kwa Mwanangu: Askari wa Posta Ni wa Nani?

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeniuliza kwa nini Sanamu ya Askari ingali imesimama pale Posta, Dar es Salaam, ilhali inamwonyesha mwanajeshi wa mkoloni, na kama isingefaa iondolewe.

Pale pale Wajerumani walikuwa wamemsimamisha Hermann von Wissmann, ofisa wao aliyevunja upinzani wa Abushiri dhidi yao huku pwani, na chini ya miguu yake wakamweka askari Mwafrika anayemtazama bwana wake. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa sanamu hiyo, ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Mwaka 1927 Waingereza wakamsimamisha askari wa kwao, safari hii akiwa peke yake, singe yake ikielekea bandarini.

Nimewasikia watu wazima wakimweleza mgeni kwamba huyo ni shujaa wa Maji Maji. Siwacheki, maana taifa jipya lilihitaji mashujaa, na mtu mweusi mwenye bunduki katikati ya jiji hutoshea nafasi hiyo bila kuulizwa anatoka wapi. Lakini vita vile vya 1905 hadi 1907 vilizimwa kwa sehemu kubwa na askari Waafrika waliovaa sare za Wajerumani, na Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza 1914 wana wengi wa nchi hii walikuwa chini ya kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, wakipigana na jeshi lile lile la Waingereza ambalo sanamu hii inaliheshimu. Huenda babu wa mtu anayepiga picha pale alimlenga askari kama huyo.

Waliosahauliwa zaidi ni wapagazi, waliolibebea jeshi mizigo. Maandishi ya chini ya sanamu yanawataja kuwa miguu na mikono ya jeshi, ila hakuna aliyechongwa. Nairobi angalau yupo mmoja katika sanamu za aina hiyo. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa, baada ya kuchukuliwa kwa nguvu vijijini mwao, na hata wajukuu zao hupendelea kusimulia habari za bunduki kuliko za mzigo.

Kwa hiyo mimi nisingeiondoa. Ningetaka mpagazi achongwe kando ya askari, ukubwa ule ule, na kibao kieleze kwa Kiswahili cha leo ni mfalme wa nchi gani waliyemfia.

Baba yako