Jibu: Maandishi ya Word yanavurugika nikiyaingiza kwenye Scribus

Ndugu wa Goma, umeuliza juu ya kazi ninayoifanya hapa Bukavu karibu kila wiki. Umepewa kijitabu cha nyimbo za kwaya katika Word, ukakihifadhi kama .txt (maandishi matupu) na kukiingiza kwenye Scribus, programu ya kupanga kurasa za kuchapwa. Sasa herufi za Kifaransa zimevurugika, beti zinakatika katikati, na kurasa za mwisho hazionekani.

Herufi kwanza, maana ni jambo dogo. Ukiona Ã© mahali pa é, faili limeandikwa kwa UTF-8 lakini programu imelisoma kama Windows-1252; hizo ni njia mbili tofauti za kompyuta kuhifadhi herufi. Kwenye dirisha la kuingiza maandishi kuna sehemu ya kuchagua njia hiyo (usimbaji), chagua UTF-8. Lakini mimi nakushauri uache kabisa .txt, maana inafuta mitindo yote, yaani mapambo ya aya na herufi. Tumia ODT, aina ya faili ya LibreOffice, programu ya maandishi kama Word.

Kazi yenyewe iko kwenye kusafisha, kabla maandishi hayajagusa fremu, yaani kisanduku cha maandishi kwenye ukurasa wa Scribus. Wanaotuletea kazi hupanga kwa vidole: kichwa wanakisogeza katikati kwa spesi nyingi, beti wanazitenganisha kwa Enter tatu. Kwenye A4 haionekani kuwa mbaya, ila ukiingia kwenye ukurasa wa A5 kila kitu kinahama. Fungua faili la Word katika LibreOffice, bonyeza Ctrl+F10 uone alama zilizofichika. Badilisha spesi mbili ziwe moja, rudia mpaka zisipatikane tena.

Kwa nyimbo kuna jambo ambalo wengi hawalifanyi, na ndilo linaloponya beti zako. Mistari ya ubeti mmoja itenganishe kwa Shift+Enter. Enter ya kawaida ibaki mwisho wa ubeti tu. Hapo ubeti mzima ni aya moja, na unaweza kuiamuru programu isiigawe kati ya kurasa mbili. Fanya hivyo kabla ya kufuta aya tupu (zile Enter za ziada), la sivyo hutajua tena ubeti upi unaishia wapi. Nafasi kati ya beti itatoka kwenye mtindo wa aya, si kwenye Enter.

Halafu ipe kila aya mtindo wenye jina: Kichwa, Ubeti, Kiitikio. Tengeneza mitindo ya majina hayo hayo kwenye Scribus, na wakati wa kuingiza ODT usiiruhusu mitindo ya faili ifunike yako. Mwalimu wa kwaya akija kusema wazee hawasomi herufi ndogo hivyo (na atakuja!), unabadilisha ukubwa mahali pamoja na kijitabu chote kinafuata.

Kurasa za mwisho hazijapotea. Angalia pembe ya chini kulia ya fremu: alama pale inasema maandishi yamebaki bila nafasi. Chagua fremu, bonyeza N, kisha gusa fremu inayofuata ili ziungane. Wenye InDesign, programu nyingine ya kupanga kurasa, wataona alama nyekundu ya kujumlisha; wakishika Shift wakati wa kumwaga maandishi, kurasa zinaongezeka zenyewe.

Angalia pia lugha ya kila mtindo. Ubeti wa Kiswahili ukiachwa kwenye Kifaransa, maneno yanakatwa kwa kanuni za Kifaransa, ambazo hutenga n na g kama katika man-ger. Sisi tunakata mwa-nga-za. Kwa nyimbo mimi huzima ukataji wote. Mistari ni mifupi, hauhitajiki.

Kijitabu cha kukunja na kupiga pini katikati kinataka idadi ya kurasa inayogawanyika kwa 4, kwa hiyo hesabu kabla ya kuweka jalada. Kwa mchapaji peleka PDF yenye fonti ndani yake. Ukimpelekea faili la Scribus na yeye hana fonti zako, mistari itajipanga upya kwenye mashine yake. Tuma hapa picha ya ukurasa mmoja ukishaingiza ODT, tuutazame pamoja.