Tuzo ambayo Molly Tuttle alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata ni ya gitaa, si Grammy

Je, Molly Tuttle, mwanamuziki wa Marekani, alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda Grammy, ile tuzo kubwa ya muziki ya Marekani, katika fani ya blugrasi? Hapana, si Grammy. Tuzo ambayo alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata ni ile ya mpiga gitaa bora wa mwaka, inayotolewa na IBMA, chama cha kimataifa cha muziki wa blugrasi, yaani muziki wa kiasili wa Marekani wa ala za nyuzi kama gitaa na banjo. Aliitwaa mwaka 2017, kisha akairudia 2018. Kwa upande wa Grammy, wanawake walikwisha kutangulia: Alison Krauss alishinda katika fani hii ya blugrasi mwaka 1991, naye Dolly Parton akapata ya albamu bora ya blugrasi mwaka 2001, wakati Tuttle, mzaliwa wa 1993, alikuwa bado mtoto huko California. Yeye alipata Grammy hiyo ya albamu bora mwaka 2023 kwa Crooked Tree, na tena 2024 kwa City of Gold, zote mbili akiwa na bendi yake ya Golden Highway. Ukikuta mahali pameandikwa 2022 na 2023, hiyo ni miaka ambayo albamu zilitoka, kwani sherehe hufanyika mwaka unaofuata.

Mimi hupiga gitaa na nimezifuatilia tuzo hizi kwa muda mrefu, na kwa maoni yangu ile ya 2017 ndiyo nzito zaidi, kwa sababu ilikuwa ikitolewa tangu 1990 na miaka yote hiyo ilikwenda kwa wanaume peke yao.