Kwa nini gridi zilizounganishwa zinahitaji kanuni moja?

Umeuliza kwa nini kila nchi isiendeshe gridi yake (mtandao wa mitambo na nyaya za umeme) inavyotaka, mradi nyaya zimeunganishwa. Haiwezekani, kwa sababu gridi zikishaungana kwa mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, zinapiga pigo moja. Ulaya bara ni mizunguko 50 kwa sekunde, kuanzia Ureno mpaka Poland. Mtambo mkubwa ukizima upande mmoja, masafa, yaani idadi ya mizunguko hiyo, yanashuka kote papo hapo, na umeme haupiti njia iliyoandikwa kwenye mkataba. Unafuata zaidi nyaya zenye ukinzani mdogo, zinazoupitisha kwa urahisi, hata kupitia nchi ya tatu.

Angalia usiku wa tarehe 4 Novemba 2006. Laini inayovuka mto Ems, Ujerumani, ilizimwa ili meli ipite. Laini nyingine ikazidiwa, na hapo ndipo somo lilipo: waendeshaji wa ncha zake mbili walikuwa wameweka viwango tofauti vya kinga (kiasi cha umeme ambacho kikipitwa laini hujikata yenyewe), na mmoja hakujua vizuri cha mwenzake. Laini ikakatika, gridi ya Ulaya ikagawanyika vipande vitatu, na kaya zaidi ya milioni 15 zikakosa umeme.

Kwa hiyo kanuni muhimu kuliko zote, kwangu mimi, ni ya kupeana taarifa. Akiba ya kusaidiana nayo ni lazima: Ulaya bara huweka tayari megawati 3,000 zinazotakiwa kuingia zote ndani ya sekunde 30, na kila nchi inachangia sehemu yake. Bei na malipo, kwangu, ni mambo ya baadaye.