Watoto Wangu Wanachovya Wenyewe

Msomaji mmoja aliniandikia juzi akiwa amechoka. Alinunua chokoleti nzuri, akaosha stroberi, akawaita wanawe jikoni kwa furaha zote. Haikupita nusu saa, chokoleti ikawa donge lisilochoveka, mtoto mmoja analia, mwenzake keshajipaka mpaka viwikoni. Akamalizia hivi: "Dada, sema ukweli. Hayo masinia unayotuonyesha, watoto wanatengeneza kweli, au unatengeneza mwenyewe halafu unawapanga pembeni kupiga picha?"

Donge lake lina jibu fupi, na nitalitoa. Hilo swali la mwisho ndilo lililonigusa pabaya, kwa sababu nimeshawahi kuulizwa uso kwa uso, na aliyeniuliza hakuwa mgeni.

Tuanze na donge. Chokoleti ni chembe za kakao na sukari zilizotawanyika ndani ya mafuta yake, yaani siagi ya kakao, na karibu haina maji kabisa. Tone la maji likiingia, sukari inalowa, inanata, inazishika chembe za kakao, na kufumba na kufumbua kile kilichokuwa kinatiririka kinagoma. Hayahitaji kuwa mengi. Yanatosha yale yaliyojificha chini ya majani ya stroberi, au mwiko uliosuuzwa sasa hivi, au mvuke unaopenya ukingoni mwa bakuli. Cha ajabu, ni maji kidogo ndiyo yanayoharibu. Yakizidi, chokoleti inalainika upya. Kwa hiyo donge usilitupe. Ongeza maji ya moto au maziwa ya moto, kijiko kimoja cha chakula kisha kingine, huku unakoroga, mpaka liwe rojo. Halitaganda tena juu ya tunda, lakini ni mchuzi mzuri wa kumwagia ndizi zilizokatwa, na watoto hawatajua kwamba mpango ulikuwa mwingine.

Basi ushauri wangu wa kwanza: kausha. Wa pili ni huo huo. Osha matunda mapema, yasambaze juu ya taulo safi, yafute moja moja, kisha yaache yapate hewa. Ukidhani yamekauka, inua majani uangalie chini yake.

Sasa nirudi kwenye lile lililonigusa.

Tulialikwa kwenye shughuli ya familia upande wa mume wangu. Kifungua mimba wangu, ambaye sasa ana miaka 9, aliomba tupeleke matunda ya kuchovya, ayatengeneze yeye na mdogo wake. Walishinda jikoni. Mkubwa alichovya, mdogo akanyunyiza nazi kavu iliyokunwa, nyingine ikaangukia kwenye tunda, nyingi ikaangukia sakafuni. Stroberi zikatoka zimevaa chokoleti upande mmoja kuliko mwingine, na kila moja ina kitako cha chokoleti iliyotuama chini. Kwangu mimi zilikuwa nzuri. Sinia likafika ukumbini, wifi yangu akalipokea, akalitazama, akaliweka nyuma ya vinywaji. Mgeni mmoja aliponyoosha mkono kuchukua, wifi akamwambia, "Hizo zimetengenezwa na watoto, bora uchukue keki." Kisha akanigeukia, mbele za watu: "Siku nyingine tengeneza mwenyewe, uwape watoto sifa tu. Si ndivyo watu wanavyofanya?"

Mtoto alikuwa amesimama hapo hapo, ameshika sahani. Hakusema kitu. Alichukua stroberi zake akala, moja baada ya nyingine, bila kumtazama mtu. Nami nilinyamaza kwa heshima ya ukweni, na leo ninapoandika aya hii bado taya limenikaza.

Tuliporudi nyumbani niliamua: mtoto huyu atajua kuchovya kuliko wakubwa wote waliokuwa ukumbini.

Jambo nililobaini mapema ni kwamba watoto huharibu zaidi wanapopewa kazi ya uongo. Mpe mtoto kazi ya kunyunyiza mapambo tu, wakati anaona uhondo wote uko mikononi mwako, atakuvamia. Mpe kazi ambayo bila yeye haiendi, anatulia. Kitinda mimba wangu ana miaka 4, na kazi yake ni mkaguzi wa ukavu. Anapewa kila tunda pamoja na karatasi laini ya jikoni. Analibonyeza, anaitazama karatasi, na kama ina unyevu analirudisha kwenye taulo. Hana huruma. Ameshanirudishia mimi mwenyewe tunda akisema, "Hili bado linalia." Usipochukua kingine chochote kutoka kwenye maelezo yangu yote haya marefu, chukua hicho: mkabidhi mdogo ukavu.

Kuyeyusha ni kazi ya mkubwa, nami nikiwa ubavuni pake. Tunakatakata chokoleti vipande vidogo ili iyeyuke sawasawa. Bakuli linakaa juu ya sufuria yenye maji kidogo yanayofuka mvuke bila kutokota, na sehemu ya chini ya bakuli haigusi maji. Bakuli liwe pana kuliko sufuria, mvuke usipate njia. Kulinyanyua ni kazi yangu, na chini yake nalifuta kabla halijafika mezani, maana hapo ndipo maji yanapoviziana nasi. Mwenye maikrowevu atumie nguvu ya nusu, sekunde 30, atoe, akoroge, arudishe. Asingoje mpaka vipande vyote viyeyuke ndani. Vile vya mwisho vinamalizwa na joto la vyenzake. Chokoleti nyeupe ndiyo yenye madeko kuliko zote, inaungua upesi, kwa hiyo msianze nayo.

Yapo mambo ya kipimajoto. Siagi ya kakao inaweza kuganda kwa namna kadhaa, na ni moja tu inayotoa ule mng'ao na ule mlio wa kuvunjika unapong'ata. Ili kuipata kwa chokoleti nyeusi, unayeyusha theluthi mbili mpaka nyuzi 45 hivi za Selsiasi, unaongeza theluthi iliyobaki ikiwa imekatwa vipande vidogo sana, unakoroga taratibu mpaka joto lishuke na kufika nyuzi 31 au 32. Ya maziwa unaishusha kidogo zaidi, mpaka 29 au 30. Usipofanya hivyo chokoleti itaganda laini, na baadaye inaweza kutoa madoa meupe meupe, ambayo ni mafuta yake tu yamepanda juu, si kuvu. Je, inafaa kuhangaika? Kwa matunda yanayoliwa saa hiyo hiyo, mimi naona hapana. Weka friji dakika 15, yatashika. Ila mkubwa wangu anapenda kipimajoto kuliko anavyopenda chokoleti yenyewe, na akishakishika anasoma namba kwa sauti kama rubani, basi tunafanya. Kama hutaki habari hizo, nunua ile ambayo kwenye pakiti imeandikwa mafuta mengine ya mimea badala ya siagi ya kakao. Inaganda vizuri bila masharti. Ladha yake ni ndogo, siwezi kukudanganya.

Ni hapo kwenye kukoroga ndipo maswali yanapokuja. Mkubwa aliuliza mbona chokoleti inayeyuka mdomoni haraka vile. Nikamweleza kwamba siagi ya kakao inayeyuka karibu na nyuzi 34, na mwili wetu una 37, kwa hiyo mdomo umepita kidogo tu, unatosha. Tukafika kwenye mti wenyewe: kwamba kakao ni mbegu zinazotolewa ndani ya tunda, zinavundikwa, zinaanikwa, zinakaangwa, na kwamba zaidi ya nusu ya kakao ya dunia inatoka Kodivaa na Ghana. Akafikiri. "Kwa hiyo tunachovya tunda ndani ya tunda?" Nilimwambia ndiyo, na tangu siku hiyo hamruhusu mtu yeyote nyumbani aite chokoleti pipi.

Kuchovya kwenyewe hakuna siri kubwa. Mimina chokoleti kwenye kikombe kirefu chembamba badala ya bakuli pana, ili iwe na kina. Gramu 200 zinanitoshea nusu kilo ya stroberi. Shika majani, zamisha, inua, zungusha mkono, subiri matone yaishe. Hapo kwenye kusubiri ndipo mtoto wa miaka 4 anapokushinda, na ndipo vile vitako vinapotokea. Tulipata dawa yake: anahesabu mpaka kumi kwa sauti tunda likiwa hewani. Kisha linalazwa juu ya karatasi ya kuokea, na hapo ndipo mnyunyizaji anaingia, mapema, kabla chokoleti haijashika.

Kuhusu matunda, stroberi nzima ni rahisi kwa sababu ngozi yake inazuia maji. Chungwa linafaa kama umelitenganisha vipande bila kutoboa ngozi nyembamba. Nanasi na embe vina maji mno. Vikishakatwa vinavuja, vikaushe mara mbili na uvile mara moja. Tufaha linakuwa jeusi ukilichelewesha. Matunda yaliyokaushwa, kama yale madogo ya rangi ya chungwa wanayoyaita aprikoti, hayana usumbufu wowote, na kwa mtoto anayeanza ndiyo mwalimu mzuri. Tunda likitoka friji moja kwa moja litatoa jasho, kwa hiyo liache lifikie joto la chumba, halafu, samahani kwa kurudia, likaushe.

Zabibu nazichukulia kwa uzito. Mtoto wa chini ya miaka 5 hapewi zabibu nzima, iwe na chokoleti au isiwe nayo; inaziba koo kikamilifu. Ikatwe kwa urefu, vipande vinne, na zabibu iliyokatwa hivyo haichoveki, basi wadogo kwangu hawana zabibu siku hiyo. Vijiti vya kushikia matunda, vikiwa na ncha kali, navikata ncha. Kabla ya kuweka njugu zilizopondwa, uliza wazazi wa watoto wageni. Na kama mna mbwa, chokoleti ni sumu kwake, sakafu ifagiliwe.

Sasa nimjibu yule msomaji lile swali lake la picha. Zile picha ni za kazi ya watoto. Zamani vitako vilionekana, sasa havionekani, kwa sababu wamefanya tena na tena na mimi nimekaa mikono nyuma. Mwezi huu tulikuwa na shughuli nyingine ya familia hiyo hiyo. Sinia la watoto liliwekwa mbele, sikuliweka mimi, na liliisha kabla keki haijakatwa. Wifi akaja kwangu kwa upole, akauliza zile stroberi zinang'aaje vile. Nikamwelekeza kwa mwanangu. Kijana akamweleza habari ya nyuzi 31, akamweleza habari ya majani, akamwuliza kama ana kipimajoto. Hakuwa nacho. Nakiri nilifurahi kupita inavyompasa mtu mzima.

Wazazi wenzangu, tuseme kweli. Wengi wetu tunawaita watoto jikoni tukiwa tayari na picha kichwani, na picha hiyo haina mtoto wa kweli ndani yake. Ndiyo maana stroberi ya kwanza ikidondoka tunanyakua kijiti. "Ngoja nikuonyeshe." Tunaonyesha mpaka chokoleti inakwisha. Halafu tunashangaa mtoto wa miaka 12 hawezi kuchemsha yai. Alijifunza saa ngapi? Alikuwa anaonyeshwa! Muda hatuna, najua, nami sina. Lakini kama huna saa nzima ya kuvumilia meza kuchafuka, usiite jambo hilo kupika na watoto. Nunua yaliyotengenezwa, kuleni kwa amani, hakuna dhambi. Siku utakayowaita, waite kweli, na ukubali kitakachotoka kikae mbele ya sinia hata kama kina kitako.

Yule msomaji aliuliza pia kama anaweza kuyatengeneza matunda haya jana yake. Stroberi, hapana, zile siku hiyo hiyo. Zikilala friji zinatoa maji chini ya chokoleti na ganda linaanza kuteleza. Ndizi ndizo zinazosubiri. Zikate vipande vinene, ziwekee vijiti, zigandishe kwenye friza usiku kucha, kisha chovya zikiwa bado ngumu. Chokoleti inashika hapo hapo mkononi mwa mtoto, hata kuhesabu mpaka kumi hakuhitajiki, na zikirudishwa friza kwenye chombo chenye kifuniko zinakaa wiki nzima, kama mna kufuli.