Printa ya kijivu pekee: nibadilishe au niache?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina studio ndogo Kisumu, riziki yangu ni picha za pasipoti na harusi. Nimewapiga picha wavuvi wa Dunga na ningependa kuziuza zikiwa nyeusi na nyeupe, lakini printa yangu ya wino sita huzitoa na ukijani. Nasikia watu huondoa wino wa rangi wakajaza kijivu mtupu. Nami nifanye hivyo?

JIBU: Marahaba. Hiyo printa usiiguse, ndugu yangu. Ukishaijaza kijivu haitachapa tena harusi, na kuirudisha kwenye rangi ni kusafisha mirija yote kwa wino unaoununua.

Ukijani unatokea hivi: printa yako ina nyeusi moja tu, kwa hiyo kijivu inakikoroga kutokana na samawati, waridi na manjano. Mkorogo ukiyumba kidogo, picha nzima inaegemea upande mmoja. Itazame picha hiyohiyo mlangoni saa nne asubuhi, kisha chini ya tyubu ya studio. Ikibadilika sura, tatizo ni wino wenyewe, na hakuna marekebisho ya kompyuta yatakayolimaliza kwa mwanga wote. Ikibaki vilevile, kagua kwanza mpangilio wa karatasi kwenye printa. Mara nyingi umechaguliwa usiolingana na karatasi iliyowekwa.

Kati ya yako na kijivu mtupu kuna printa kama Epson SC-P700, yenye nyeusi, kijivu na kijivu hafifu, pamoja na hali maalumu ya nyeusi na nyeupe inayotumia rangi kidogo sana. Kwa wapigapicha wengi hiyo inatosha kabisa.

Lakini siwezi kukuficha: kijivu mtupu cha wino wa kaboni juu ya karatasi ya pamba isiyong'aa ni kizuri mno. Ngozi ya mvuvi, nyavu zilizolowa, giza la ndani ya mtumbwi, kila kimoja kinapata kivuli chake. Na kaboni, ambayo asili yake ni masizi, haichujuki upesi. Tabu yake ni kwamba chembe za kaboni hutuama ndani ya wino. Printa yangu ya kijivu hapa Nakuru niliiacha wiki tatu bila kuchapa. Matundu yakaziba, na wino mwingi ukaishia kwenye kusafisha kichwa cha printa.

Kwa hiyo kachapishe picha tano kwa mwenye printa ya vijivu, uziuze. Ukianza kupata oda kila wiki, tafuta printa ya pili, hata iliyotumika, na hiyo ndiyo uijaze kijivu.