Kipande cha mkate cha mama

Swali la wiki hii lilikuwa: katika riwaya za kihistoria za vita, ni mama wa aina gani anayekugusa zaidi? Mimi ananigusa yule anayekula.

Riwaya nyingi nilizosoma, njaa ikiingia tu mama humpa mtoto tonge lake la mwisho, kisha hufa kwenye kurasa za mwisho. Nimezililia sana. Lakini nilipokuja kusoma habari za Leningrad, mji wa Urusi uliozingirwa na majeshi ya Ujerumani tangu Septemba 1941 hadi Januari 1944, kilio kile kikaacha kunitosha.

Kuanzia tarehe 20 Novemba 1941, kwa zaidi ya mwezi mzima, mgao wa mkate wa mtoto, na wa mtu mzima asiye na kazi, ulikuwa gramu 125 kwa siku. Mfanyakazi wa kiwandani alipata 250. Nilichukua mizani ya jikoni nikapima zile 125: vipande vitatu hivi vya mkate. Wa kwao ulikuwa umejaa maji na kuchanganywa na vitu visivyo unga, kwa hiyo kipande kilikuwa kidogo zaidi, cha kukaa kiganjani. Ndicho cha kutwa nzima, tena katika baridi iliyogandisha mabomba.

Haya, mfikirie mama mwenye watoto wawili. Akiwagawia chake, leo watapata nafuu. Kesho nani atapanga foleni alfajiri kwenye theluji? Nani ataburuta ndoo ya maji kutoka mto Neva? Mama akianguka, watoto nao wamekwisha. Kwa hiyo inambidi ale. Akae mbele ya mtoto anayemkodolea macho, atafune polepole, ameze. Hapo ametoa kitu kigumu kuliko tonge: amekubali mwanawe amwone mchoyo.

Gramu na tarehe tunazipata kwenye vitabu vya historia. Macho ya yule mtoto ni kazi ya mtunzi wa riwaya, na wengi wanayakwepa.

Nawafikiria pia mama Wayahudi wa Ujerumani na Austria, waliowapandisha watoto wao treni za kwenda Uingereza tangu Desemba 1938 hadi vita vilipoanza Septemba 1939. Watoto kama 10,000 waliokolewa hivyo kutoka mikononi mwa Wanazi, wazazi wakabaki, na wengi hawakuonana tena. Mtoto wa miaka sita, akichungulia dirishani, ataelewa kwamba anaokolewa? Anachoona ni mama aliyemfukuza nyumbani.

Basi mwandishi atakayewaandika mama hawa, namwomba asiwe na haraka ya kumwelewesha mtoto. Amwache akue na kinyongo chake, sura baada ya sura, hadi siku atakapokuwa anawakatia mkate wanawe mwenyewe, na kisu kisite mkononi.