Horombo baridi inakukuta ukiwa umekaa

Kila ikifika mwezi wa tano simu zinaanza, madogo wa kijijini, "kaka niunganishie mlimani msimu huu", na swali lao wote ni moja, mzigo una kilo ngapi. Mzigo ni kilo 20 ukiacha kibegi chako, unapimwa kwenye mizani pale geti la Marangu, basi, wala siyo siri. Mimi nimepiga misimu minne Horombo, kambi ya pili ya mlima Kilimanjaro ukipandia Marangu, nilianza kama mgumu, yaani mbeba mizigo, sa hivi nashika sufuria, na sijaona kijana kashindwa sababu ya kilo 20. Wanaoshindwa wanashindwa wakiwa wamekaa.

Ngoja nieleze. Horombo iko mita 3,720, ni vijumba vya mbao vyenye paa la kuteremka hadi karibu na ardhi, wageni wanalala humo kwenye magodoro (Marangu ndio njia pekee Kilimanjaro yenye nyumba, kwingine kote ni mahema). Unatoka Mandara, kambi ya kwanza, asubuhi, unaacha msitu, unatembea kilomita kama 11, jua kali la kiangazi linakuwakia unafika saa saba jasho linatiririka unajiona simba, unatua mzigo, unakaa kwenye jiwe unapiga stori. Hapo ndio kosa. Msimu wangu wa kwanza nilikaa hivyo hivyo na fulana imelowa chapa, haikupita nusu saa wingu likapanda kutoka chini likafunika jua, nikaanza kutetemeka, nikapewa karoti nimenye kisu hakishikiki. Mpishi wangu, mzee fulani wa Kilema asiyependa maneno, hakuuliza kitu. Alinivua fulana, akanivalisha sweta lake linalonuka vitunguu, akanirudishia kisu. Pole hajanipa mpaka leo.

Kwa hiyo dogo, fulana kavu moja ikae juu kabisa kwenye kibegi, na ukitua mzigo badilisha kwanza ndio usalimie watu. Usiifunge kwenye rambo, zilishapigwa marufuku tangu 2019 na getini wanazichukua, tafuta mfuko mgumu usiopitisha maji.

Siku yenyewe jikoni inaanza saa kumi na moja alfajiri, nje majani meupe kwa barafu. Uji, chai ya tangawizi, mayai, maji ya moto ya kunawa kila mgeni beseni lake. Wanaoenda Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, wanaondoka na maji yao kutoka kwetu huku chini, maana Kibo hakuna maji kabisa, kila tone la chai wanalokunywa kule limepanda mgongoni mwa mtu. Wanaobaki siku ya pili kuzoea hewa wanatembezwa mpaka Mawe ya Pundamilia wanarudi kula. Hiyo siku ya ziada wageni wengi wa kibongo wanaikataa wakiona bei, na mimi nikiulizwa nawaambia bora upunguze kitu kingine chochote.

Kuanzia mchana hadi saa kumi ni fujo. Wa kileleni wanashuka, vumbi mpaka kope, midomo imepasuka, wa chini wanapanda wasafi wananukia sabuni, wote wanakutana mesi kwenye chai na bisi. Wapya wanawakodolea macho wa zamani wakila kimya kimya, alafu mmoja ananigeukia "kaka mimi nitaweza kweli?". Namuongezea bisi.

Maharage je, maana wengi mnajua kupika kwenu. Huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi kama 88 hivi, siyo 100, kwa hiyo maharage mabichi utachochea gesi mpaka iishe na bado yanagonga meno. Yachemshe nyumbani kabisa au uwe na presha kuka. Sisi wenyewe ni ugali, kabichi na dagaa, na wali ukipikwa lazima ufunikwe na jiwe juu. Mkate usiuache nje hata dakika moja, kunguru wa Horombo, wale wakubwa wenye baka jeupe shingoni, wananijua kwa sura, mwaka juzi mmoja aliondoka na soseji ya mgeni ikiwa bado ina mvuke.

Alafu tangu 2022 intaneti imefika, na mimi nasema imeniongezea wagonjwa. Zamani mtu akimaliza kazi anaingia ndani, sa hivi utawakuta vijana sita nje saa moja usiku wamechuchumaa na simu, kandambili mguuni, taa za Moshi zinawaka kule chini, na baridi inawaingia polepole wala hawana habari. Asubuhi kichwa kinagonga wanasingizia usingizi.

Na kichwa kikigonga sema. Watu wanadhani sisi wa mlimani hatuumwi urefu, ule ugonjwa wa hewa nyepesi ya huku juu, uongo mtupu, ukipanda haraka unaumwa kama mzungu yeyote, sema vijana wanaficha wasikatwe safari. Ukiwa unatapika au unayumba kama umekunywa mbege huo siyo ujasiri, mwambie mwongozaji akushushe siku hiyo hiyo, usisubiri kubebwa kwenye machela ya tairi moja.

Usiku utatamani kuvuta jiko la gesi mnapolala mfunge mlango mpate joto. Usithubutu, ile hewa ya sumu ya jiko haina harufu na haiamshi mtu. Lala na soksi kavu, betri za tochi ziingize ndani ya begi la kulalia zisife kwa baridi. Kabla ya hapo jaza madumu yote, bomba asubuhi linaganda mpaka jua liliguse, na wageni wa Kibo wanataka chai saa kumi na mbili kamili.